Studio ya Nyumbani kwa Linux: Pesa Iende Kwenye Kadi ya Sauti

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 10 haipati tena msaada wa kawaida wa Microsoft, na Windows 11 haizikubali rasmi kompyuta nyingi zenye prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha nane. Kompyuta za namna hiyo ndizo zilizojaa kwenye maduka ya mitumba, kuanzia Kariakoo hadi Luthuli Avenue, Nairobi. Kwa mwanamuziki asiye na fedha nyingi, hiyo ni heri. Mashine iliyotupwa na ofisi bado ina nguvu za kutosha kurekodi kwaya, kupiga ala za kompyuta kwa kinanda na kumiksi wimbo mzima, mradi iwekewe Linux.

Tatizo linaanza pale unapotaka sauti ya maiki ifike kwenye programu ya kurekodi, na kinanda kipige piano iliyo ndani ya kompyuta. Kila fundi atakupa jina lake: huyu ALSA, yule JACK, mwingine PipeWire. Muuzaji naye atakuonyesha kadi ya dola 10 na ya dola 200, zote akisema ni nzuri. Makala hii inalinganisha njia hizo, vifaa na programu, ili ujue fedha yako iende wapi na isiende wapi. Bei nimeziweka kwa dola, kwa kadiri vifaa vinavyouzwa Marekani. Ukinunua huku, ongeza usafiri, ushuru na faida ya muuzaji.

Njia nne, zote bure

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba kuelekeza sauti na MIDI (maagizo ya kinanda) ndani ya Linux hakuhitaji leseni ya kulipia. Njia zote nne ni programu huria. Unacholipa ni muda wako na bando la kupakulia.

ALSA ndiyo msingi. Iliingia kwenye kerneli rasmi ya Linux kwa toleo la 2.6, mwaka 2003, na ndiyo inayozungumza na kadi ya sauti. Programu ya kurekodi kama Ardour inaweza kuishika kadi moja kwa moja kupitia ALSA bila mtu wa kati. Hakuna cha kusakinisha, na cha kuharibika ni kidogo. Hasara yake ni kwamba programu moja ikiishika kadi kwa njia hiyo, nyingine hazipati nafasi. Ukitaka kusikiliza wimbo kwenye kivinjari ili uige besi yake huku Ardour iko wazi, hutasikia kitu.

PulseAudio, iliyoanzishwa na Lennart Poettering, ilikuja kumtatulia mtumiaji wa kawaida tatizo hilo: sauti za programu nyingi zinachanganywa na kutoka kwenye spika moja. Fedora iliifanya chaguo lake la kawaida mwaka 2007. Kwa filamu na mikutano ya mtandaoni inatosha. Kwa muziki haitoshi, kwa sababu haikutengenezwa kwa ajili ya majibu ya papo kwa papo, na haishughuliki na MIDI. Ukiikuta kwenye kompyuta yenye Linux ya zamani, usipoteze siku kuirekebisha. Weka toleo jipya.

JACK ilianzishwa na Paul Davis, mwanzilishi wa Ardour, kwa ajili ya wanamuziki hasa. Chini ya JACK kila programu inakuwa na matundu ya kuingizia na kutolea sauti, nawe unavuta nyaya kwa kipanya kwenye dirisha la QjackCtl. Gitaa linaingia kwenye kadi, linapita Guitarix kupata sauti ya amplifaya, kisha linaingia Ardour, na programu zote zinafuata saa moja bila moja kuitangulia nyingine. Gharama yake ni usumbufu. JACK inashika kadi moja, na ukitaka ya pili unahitaji zana ya ziada kama zita-a2j. MIDI ya ALSA na MIDI ya JACK hazionani mpaka uweke daraja liitwalo a2jmidid. Kivinjari nacho kinabaki kimya usipokiunganisha kwa njia nyingine.

PipeWire ni ya Wim Taymans wa Red Hat. Ilianza kuwa chaguo la kawaida la sauti kwenye Fedora 34, Aprili 2021, ikafuata Ubuntu 22.10, na toleo la 1.0 likatoka Novemba 2023. Ubora wake ni kwamba mbele ya kivinjari inajifanya PulseAudio, na mbele ya Ardour inajifanya JACK, kwa hiyo programu za zamani zinafanya kazi bila kuandikwa upya. Kadi mbili zinaonekana kwa pamoja, na PipeWire yenyewe inarekebisha tofauti ya saa zao. Ukifungua qpwgraph unaona sauti na MIDI kwenye dirisha moja, unavuta waya, na unaweza kuhifadhi mpangilio wako kwenye faili ili urudi wenyewe kesho.

Uamuzi hapa si mgumu. Anayeanza leo achukue PipeWire, ambayo huenda tayari imo kwenye kompyuta yake. Mwenye mashine ya jukwaani inayotumia JACK bila tatizo aiache ilivyo. Mwenye kompyuta dhaifu anayetaka kurekodi tu, bila kivinjari wala kingine, aunganishe Ardour na ALSA moja kwa moja. Tahadhari moja kwa watumiaji wa Debian na Ubuntu: programu ya JACK isipoiona PipeWire, sakinisha kifurushi cha pipewire-jack, kisha uiite programu yako kwa kutanguliza neno pw-jack, kwa mfano "pw-jack ardour".

Milisekunde ngapi unazihitaji kweli?

Watu hutumia fedha na usiku mwingi kupunguza ucheleweshaji wa sauti, na baadhi yao hawakuuhitaji udogo huo. Hesabu yake iko wazi. Kompyuta hukusanya sampuli kwenye bafa kabla ya kuzipitisha. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, bafa ya 1024 ni milisekunde 21, ya 256 ni milisekunde 5.3, na ya 128 ni milisekunde 2.7. Hiyo ni bafa moja. Kadi za USB kwenye JACK mara nyingi hupangiwa tatu, hivyo 256 zinafika milisekunde 16. Ili upate picha, sauti hewani husafiri mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo mpiga gitaa aliyesimama mita tatu kutoka kwenye spika yake tayari anachelewa karibu milisekunde 9, na hakuna anayelalamika.

Sasa jiulize unafanya nini. Mwimbaji anayerekodi juu ya biti anahitaji kujisikia bila kuchelewa, lakini kadi nyingi za nje zina kitufe cha kupeleka maiki moja kwa moja kwenye hedifoni bila kupita kwenye kompyuta. Akikibonyeza, bafa ya 1024 haimsumbui, na hata kompyuta ya zamani itarekodi bila kukatakata. Anayepiga piano ya kompyuta kwa kinanda hana njia hiyo ya mkato, kwani sauti inazaliwa ndani ya kompyuta. Huyo ndiye anayehitaji 256 au 128.

Kwenye PipeWire bafa inabadilishwa kwa amri moja: "pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 256". Ukiweka 0 mwishoni inarudi kama zamani. Kisha fungua pw-top uangalie safu iliyoandikwa ERR. Namba zake zikiongezeka unapopiga, kompyuta imeshindwa kuwahi, na ndiyo sababu unasikia mikwaruzo. Panda bafa moja juu. Kuhusu kerneli maalumu ya muda halisi, usikimbilie. Marekebisho ya PREEMPT_RT yaliingizwa kwenye kerneli rasmi kwa toleo la 6.12, mwaka 2024, na kwa bafa ya 256 kerneli ya kawaida kwa kawaida inatosha. Kuzima Wi-Fi na kuifanya prosesa isipunguze kasi husaidia zaidi kuliko kubadilisha kerneli, na havigharimu chochote.

MIDI: tazama nyuma ya kinanda kwanza

MIDI haibebi sauti. Inabeba maagizo: noti gani imebonyezwa, kwa nguvu gani kati ya 0 na 127, kwenye chaneli ipi kati ya 16. Ilizinduliwa mwaka 1983 na bado inatumika, jambo ambalo ni faida kwa mnunuzi, kwa sababu kinanda cha miaka thelathini iliyopita bado kinaweza kuiongoza kompyuta ya leo.

Kabla hujanunua kitu, geuza kinanda chako uangalie mgongoni. Kikiwa na tundu la USB la mraba lililoandikwa USB TO HOST, unachohitaji ni waya wa printa tu. Vinanda vya Yamaha vya kanisani na shuleni vingi vina tundu hilo, na vingine vinafanya zaidi: PSR-E373 hupitisha kwenye waya huohuo sauti yake yenyewe, stereo, kwa sampuli 44,100 kwa sekunde. Maana yake ni kwamba mitindo na sauti za kinanda zinarekodiwa bila kadi yoyote. Kumbuka tu kuufungua mradi wako kwenye 44,100.

Kikiwa na matundu ya mviringo yenye pini tano peke yake, utahitaji waya wa kubadilisha MIDI kuwa USB. Ule usio na jina wa chini ya dola 10 unaweza kufanya kazi, lakini baadhi yao hupoteza ujumbe unapopiga kodi nzito kwa haraka, na ujumbe wa kuachia noti ukipotea, noti inaendelea kulia hadi uizime. Roland UM-ONE mk2 ni karibu dola 50, na inafanya kazi Linux bila draiva. Kama muuzaji anaruhusu kujaribu, nenda na kompyuta yako, endesha aseqdump, inayoonyesha kila ujumbe wa MIDI unaoingia, piga kodi za haraka kwa mikono yote miwili, kisha hakikisha kila noti iliyofunguliwa imefungwa. Kama haruhusu, nunua ule wenye jina, au nunua kadi ya sauti ambayo tayari ina matundu ya MIDI.

Kwa ala zenyewe, anza na FluidSynth kupitia dirisha la Qsynth. Mkusanyo wa sauti uitwao FluidR3 una ukubwa wa karibu megabaiti 140, nao unakupa piano, ogani, nyuzi na ngoma. Surge XT ni sinthesaiza ya bure yenye uwezo mkubwa, na inasoma faili za Scala za mpangilio wa noti. Hilo ni muhimu kwa mpiga taarabu anayetaka robo toni za maqam ambazo vinanda vingi vya bei ya chini havina.

Kadi ya sauti: hapa ndipo pa kutumia fedha

Programu inaweza kubadilishwa kesho bila gharama. Sauti iliyorekodiwa na kadi yenye kelele haisafishiki ikawa nzuri. Kigezo cha kwanza kwa mtumiaji wa Linux ni kadi inayofuata kanuni ya kawaida ya USB ya sauti, isiyohitaji draiva ya mtengenezaji. Maelezo yakisema inafanya kazi na iPad bila kusakinisha kitu, kwa kawaida na Linux itaikubali.

Ngazi ya chini kabisa ni vile vidude vya USB vya dola 5 hadi 10 vyenye tundu la hedifoni na la maiki ndogo. Vinafaa kwa kusikilizia na kwa simu za mtandaoni. Havina tundu la XLR, hivyo maiki ya kweli haiingii. Karibu navyo ziko kadi za V8 zinazopendwa na watangazaji wa mubashara. Zina vionjo vya sauti na vitufe vya kufurahisha, lakini zinachanganya kila kitu kabla hakijafika kwenye kompyuta. Kwa anayetaka kumiksi sauti moja moja baadaye, hazifai.

Ngazi ya pili ni Behringer UM2, karibu dola 50. Ina tundu moja la maiki, moja la gitaa, umeme wa volti 48 kwa maiki za kondensa, na kitufe cha kujisikia moja kwa moja. Inarekodi kwa biti 16 na sampuli zisizozidi 48,000, kiwango kinachotosha demo, podikasti na mahubiri. UMC204HD, ya kati ya dola 80 na 130, ina maiki mbili, biti 24, na matundu ya MIDI, hivyo inakuokolea bei ya waya wa Roland. Kwa maoni yangu, ukilinganisha bei na unachopata, hakuna inayoishinda kwa mwenye kinanda cha zamani.

Ngazi ya tatu ni Focusrite Scarlett ya kizazi cha nne: Solo ilitoka kwa dola 140, 2i2 kwa dola 200, na 4i4 kwa dola 280. Vikuza sauti vyake ni bora zaidi, na Linux ina bahati nayo, kwani Geoffrey Bennett ameandika draiva ya vidhibiti vyake na programu ya bure ya alsa-scarlett-gui. Mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, Solo na 2i2 hazina matundu ya MIDI, 4i4 inayo. Pili, ikiwa mpya hujitambulisha pia kama flashi, na usipoizima hali hiyo ndani ya alsa-scarlett-gui hutapata vidhibiti vyote.

Kwaya au bendi inayohitaji maiki nne kwa mpigo itazame UMC404HD ya Behringer, ambayo kwa kawaida iko kati ya dola 130 na 200, na ina matundu ya MIDI. Hii haitumii umeme wa USB, ina adapta yake. Umeme ukikatika katikati ya wimbo, kompyuta ya mkononi itaendelea kwa betri lakini kadi itazima. Hesabu na gharama ya UPS ndogo. Usijaribu kuokoa fedha kwa kuunganisha kadi mbili za maiki mbili mbili. PipeWire itazioanisha, lakini kwa kazi hiyo kadi moja yenye matundu manne ni salama zaidi.

Na kabla hujailaumu kadi yoyote kwa mngurumo, chomoa chaja ya kompyuta. Mara nyingi kelele inatoka huko.

Programu ya kurekodi

Ardour ndiyo ya kwanza kuijaribu. Msimbo wake ni huria, distro nyingi (mikusanyo ya Linux) zinaiweka bure kwenye ghala zao, na kwenye tovuti yake unalipa kiasi unachoweza ili upate toleo jipya lililo tayari. REAPER inakupa siku 60 za majaribio, kisha leseni ya dola 60 kwa mtu binafsi au biashara ndogo, na dola 225 kwa wenye mapato makubwa. Ni nyepesi, nayo inakwenda vizuri kwenye kompyuta za zamani. Bitwig Studio kamili ni dola 399. Inampendeza mtengeneza biti aliyezoea Ableton, lakini anayeanza hana sababu ya kuanza nayo. LMMS na Hydrogen ni za bure kwa biti na ngoma.

Plagini za Windows zinaweza kuitwa kupitia Wine na yabridge, na nyingi zinafanya kazi. Lakini kama kazi yako yote imesimama juu ya plagini za kulipia zenye ulinzi mkali wa leseni, baki na Windows au Mac. Hapo Linux itakugharimu muda mwingi kuliko fedha itakayookoa.

Kuhusu distro, Ubuntu Studio inakuja na programu nyingi za bure kati ya hizi tayari, lakini faili lake linazidi gigabaiti 4. Mwenye Ubuntu ya kawaida asipakue upya. Asakinishe ubuntustudio-installer, achague sehemu ya sauti peke yake, na bando litapona.

Hesabu ya mwisho

Mwimbaji au mtangazaji: UM2, maiki ya dainamiki kama Behringer XM8500 ya karibu dola 25, na waya wa XLR. Jumla ni kama dola 80 hadi 90. Programu ni Ardour, bafa ni 1024, na kitufe cha kujisikia moja kwa moja kiwe kimewashwa.

Mtengeneza biti: kama ana kinanda chenye USB, waya wa printa tu. Kama hana, kibodi ndogo ya MIDI aina ya Akai MPK Mini, karibu dola 100 hadi 120. Kadi iliyomo ndani ya kompyuta inatosha kuanzia, kwa bafa ya 256.

Kwaya au bendi ndogo: UMC404HD, maiki nne za dainamiki, nyaya na stendi. Tenga dola 300 hadi 400, na sehemu kubwa ya fedha hiyo iko kwenye vifaa utakavyovitumia hata ukihama Linux.

Kwa kulinganisha, Mac mini ya M4 ilitoka mwaka 2024 kwa bei ya kuanzia dola 599 na Logic Pro ni dola 200, kabla hujanunua maiki wala kadi. Leseni ya Windows 11 Home peke yake ni dola 139, na kompyuta yako ya zamani huenda isiikubali.

Ushauri wangu ni huu: usinunue kitu chochote kwanza. Weka Ubuntu Studio kwenye flashi, washa kompyuta uliyonayo kwa flashi hiyo, fungua qpwgraph, chomeka kinanda na ujaribu kukiunganisha na Qsynth. Ikikubali, peleka fedha yako yote kwenye kadi na maiki. Ikikataa, hujapoteza zaidi ya bando.